Nyakim na Waya wa Gatwech

Nyakim alikuwa akiuza karkade baridi, kile kinywaji chekundu cha maua makavu, katika mtaa mmoja wa soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kama hujawahi kunywa karkade baridi Kakuma saa saba mchana, huwezi kujua kwa nini watu walimwamkia kwa heshima zaidi kuliko walivyomwamkia katekista. Duka lake lilikuwa la matofali ya udongo na paa la mabati. Mbele palikuwa na mabenchi mawili, na ndani friji nyeupe iliyochubuka, ambayo aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mumewe. Mumewe huyo alirudi Sudan Kusini kuwaangalia ng'ombe wa babake, na mpaka leo bado anawaangalia. Binti yao wa pekee, Nyawal, aliolewa Kalobeyei. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, Nyakim na friji.

Alikuwa Mnuer mrefu, mwembamba, mwenye goti bovu na kicheko kisicho na adabu. Kicheko hicho kilimtoka mahali pasipofaa: msibani, kanisani, kwenye foleni ya chakula mbele ya askari. Tangu utotoni mamake alimwambia kitamponza, naye akacheka.

Sasa, friji haili majani. Friji inakula umeme, na umeme wa mtaa ule wote ulitoka kwenye jenereta moja tu, ya Mzee Tut. Mzee huyo aliinunua kuukuu Lokichoggio, akaileta juu ya lori, akaijengea kibanda, akachimbia miti ya mathenge kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho na kuning'iniza nyaya. Alikuwa mkali, lakini nyumba ikifiwa aliiwashia taa bila kuuliza kitu. Watu walimwita Baba Mwanga. Injini yenyewe ilitunzwa na fundi mmoja Mkongomani, Didace, ambaye aliweza kusikia ugonjwa wake akiwa kitandani.

Mzee Tut alikuwa na mtoto wa kiume, Gatwech. Mtaa ulimjua Gatwech kwa mambo mawili: viatu vyake vya ngozi, na usingizi. Ndiyo maana mzee alipougua kifua, hakuna aliyemfikiria. Watu walimtazama Nyuon, mdogo wake mzee, na Nyuon naye alikuwa tayari amejitazama kwenye kioo.

Lakini siku mzee alipofariki, aliyekuwa chumbani ni Gatwech peke yake. Akatoka nje, akafunga mlango, akawaambia watu, "Mzee amepumzika. Hataki wageni."

Hakusema uongo. Wiki ile yote mzee alipumzika, kuzikwa alikuwa keshazikwa kimyakimya na ndugu wawili wasio na midomo, na Gatwech alikuwa akibadilisha makufuli. Msiba ulipotangazwa, kufuli la kibanda lilikuwa jipya na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Kaburini alilia kuliko wajane. Katikati ya kilio akapata nafasi ya kusema kwamba babake, kwa pumzi ya mwisho, alimwachia usia: injini moja isiwe na mabwana wawili.

Nyuon alitaka kubisha. Gatwech akamwahi. Akamkumbatia mbele ya watu, akamwita baba, akamtangaza kuwa Mshauri Mkuu, kisha akamletea kiti cha plastiki chenye mikono, chekundu, kiwekwe mstari wa mbele katika kila mkutano. Mzee wa watu alikuwa akitaka kiti, na kiti akapewa. Hakubisha tena.

Didace alikuwa tatizo lingine. Mtu anayejua injini kuliko mwenye injini ni mtu wa hatari. Gatwech akampeleka Lodwar kununua vipuri, akampa na cheo, Mwakilishi wa Umeme Lodwar. Didace alipofika kule akapiga simu kuuliza anunue nini. Simu haikupokelewa. Akapiga tena wiki nzima. Mwishowe akaelewa, akafungua karakana ndogo karibu na soko la Lodwar, na mtaa ukaletewa fundi mpya, binamu yake Gatwech, ambaye dawa yake kwa kila kelele ya injini ilikuwa kuongeza oili.

Kisha Gatwech akashughulikia waya, na hapa ndipo watu walipogundua kwamba kijana hakuwa akilala bure miaka yote ile. Zamani kila duka lilikuwa na waya wake kutoka kwenye kibanda. Gatwech akaikata yote. Akavuta waya mmoja mkubwa unaoingia duka la kwanza, ukatoka ukaingia la pili, ukatoka ukaingia la tatu, hivyo hivyo hadi mwisho. Ukimkosea, fundi anakata dukani kwako, na wote walio baada yako wanabaki gizani pamoja nawe.

Duka la Nyakim lilikuwa la kwanza kabisa, ukutani mwa kibanda cha injini. Kwa hiyo friji yake ilipata moto wa umeme kabla ya mtu yeyote, na Gatwech, ambaye sasa alijiita Mwenyekiti, alipenda kukaa kwenye benchi lake, glasi mkononi, ufunguo ukining'inia kifuani kama msalaba.

"Mama Nyawal," alimwambia siku moja, "unajua kwa nini sihitaji askari?"

"Sijui, Mwenyekiti."

"Mtu hamwogopi mkubwa. Mkubwa yuko mbali. Mtu anamwogopa jirani yake. Wewe ukiniudhi, sina haja ya kukufuata. Elyse kinyozi atakufuata. Nyama zikioza huko chini, mwenye bucha atakufuata. Mimi nitakuwa hapa nakunywa karkade."

"Na wote wakiudhika pamoja?"

Gatwech alicheka kwa upole. "Wataanzaje? Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze."

Nyakim alimwongezea glasi. Watu wakimwambia huyu kijana sasa ni dikteta, yeye alijibu, "Labda. Lakini friji yangu inafanya kazi." Hakuwa mpinzani. Alikuwa na barafu.

Mambo yakaendelea kukomaa. Uchaguzi ulifanyika mara moja, kwa kupanga foleni. Aliyemtaka Gatwech asimame kivulini, asiyemtaka asimame juani, na uchaguzi ukaanza adhuhuri. Hata wapinzani wake walivumilia jua kidogo tu, wakahamia kivulini. Mtu akinung'unika, uvumi ulitoka kwamba watu wa ng'ambo ya lagga, ule mto mkavu, wanapanga kuja kuiba injini, basi si wakati wa kugombana sisi kwa sisi. Watu wa ng'ambo ya lagga walikuwa na injini yao, kubwa zaidi, lakini nani angekwenda kuwauliza?

Kisha ikafika siku ya kumbukumbu ya Mzee Tut, na picha.

Gatwech alimwajiri mchoraji achore picha ya babake, ya kutundikwa katika kila duka. Mchoraji hakuwahi kumwona mzee. Alipewa picha ya kitambulisho, ndogo na iliyofifia, akajaza mwenyewe palipokosekana. Mtaa mzima ulikusanyika. Nyuon alikaa kwenye kiti chake chekundu. Gatwech alifunua kitambaa, na Baba Mwanga akatokea akiwa na taa mkononi, miale kichwani, na masikio ya mbuzi. Si kwamba yalifanana na ya mbuzi. Yalikuwa ya mbuzi, yenye kulegea kabisa.

Palikuwa kimya. Watu walijiuma ndani ya midomo. Mwenye bucha alitazama mbinguni kama anayesali. Na katika kimya kile kicheko cha Nyakim kikamtoka. Alijaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa. Akajaribu kukifunika kwa shuka, kikatokea puani. Akacheka mpaka goti bovu likashindwa kumbeba, akakaa chini mavumbini.

Hakuna aliyecheka naye. Jioni ile fundi alikuja na koleo, akakata waya wake.

Na kwa kuwa lake lilikuwa duka la kwanza, mtaa wote ukazimika.

Asubuhi Elyse alikuwa wa kwanza mlangoni. Elyse alikuwa Mrundi, mwanamke kinyozi, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nyuma yake alikuja mwenye bucha, kisha wa kuchaji simu, kisha wa kibanda cha video.

"Mama Nyawal," Elyse alisema, "mimi nimeacha kichwa cha mtu nusu. Nusu! Anatembea hivyo sokoni."

"Si mimi niliyekata waya."

"Najua si wewe. Lakini kwake siwezi kwenda kupiga kelele. Kwako naweza."

Nyakim akaona maneno ya Gatwech yakisimama mbele yake yakiwa na miguu. Siku mbili alikaza shingo. Siku ya tatu, maziwa ya jirani mwenye mtoto mchanga yalipoharibika, akavaa nguo ya kanisani, akaenda mkutanoni kuomba radhi mbele ya picha. Alisema amekosa. Alisema masikio ni mazuri. Kwa kusema hivyo nusura kicheko kimtoke tena.

Gatwech aliinuka, mpole kama asali. "Mama Nyawal ni mama yetu. Mama akikosa hatumpigi. Tunamzimia taa tu." Watu wakapiga makofi. Moto ukarudishwa, lakini waya ukapindishwa upya: duka la Nyakim likawa la mwisho kwenye waya, ijapokuwa lilikuwa la kwanza kwa miguu. Umeme ulizunguka kote ukamfikia ukiwa umechoka. Friji ilitetemeka, haikugandisha. Karkade ikawa vuguvugu, na wateja wakawa na haraka.

Ndipo Nyakim akaenda Lodwar. Aliomba ruhusa ya kusafiri kwa ajili ya goti, na goti kweli lilikuwa likiuma, lakini moyo ulikuwa ukiuma zaidi. Baada ya daktari kumpa vidonge na kumwambia apumzike, alikwenda kwa rafiki yake Nakeno.

Nakeno alikuwa Mturkana aliyewahi kuuza makaa kambini miaka mingi. Walifahamiana kwa kugombana juu ya gunia lililojazwa mawe chini, wakapatana, na tangu hapo hawakuachana. Sasa Nakeno alikuwa akiishi karibu na mto Turkwel, akisuka mikeka na vikapu vya ukindu wa mkoma na kuwauzia wageni.

"Ejok!" alimwamkia kwa kelele alipomwona. "Umekonda kama fito. Hiyo serikali yenu ya jenereta imekumaliza?"

Nyakim alikaa kivulini akamsimulia yote: waya, picha, masikio, radhi. Nakeno alicheka mpaka akatupa ukindu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Nyakim alikunywa, meno yakamkata kwa baridi.

"Wewe umetoa wapi barafu?"

Nakeno alionyesha juu ya paa kwa mdomo, kama Waturkana wanavyoonyesha. Palikuwa na kipande cheusi kinachong'aa. "Hii jua ya Turkana inatuchoma tangu mababu. Mimi nikasema, sasa na yeye afanye kazi. Fundi mmoja Mkongo alinifungia."

Fundi huyo alikuwa Didace. Walimkuta karakanani mwake, amenenepa kidogo, anaimba. Alimsikiliza Nyakim, akauliza swali moja tu: "Ile injini yangu inaendeleaje?"

"Inakohoa. Binamu anaipa oili."

Didace alifunga macho kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Mama, bintu vile inaniuma kweli. Ngoja nikutafutie paneli. Na friji kidogo ya betri. Utanilipa polepole, aksanti."

Tatizo lilikuwa namna ya kuingiza paneli katika mtaa ule machoni pa Gatwech. Nakeno ndiye aliyepata akili. Akalaza paneli juu ya mkeka mmoja, akafunika kwa mwingine, akashona pande zote, na ikawa mkeka mnene kama ule wa bibi harusi. Nyakim alishuka Kakuma akichechemea, mkeka begani. Gatwech alimwona akipita.

"Mama Nyawal, umeleta nini kutoka Lodwar?"

"Mkeka, Mwenyekiti. Daktari amesema nilale chini, kwa ajili ya goti."

"Pole sana," Gatwech alisema, na kweli alimsaidia kuubeba mpaka mlangoni.

Alipanda juu mwenyewe alfajiri, goti likilalamika, akailaza paneli katikati ya mabati na kuizungushia karkade aliyoanika. Hakuwa na wasiwasi wa kuonekana. Ni nani hupanda juu ya mabati Kakuma? Hata kunguru hawakanyagi pale. Friji ndogo, iliyofuata kwa lori ndani ya kikapu kikubwa cha Nakeno, aliisukuma chini ya meza na kuifunika kwa shuka, na ile friji kubwa akaiacha palepale, imechomekwa kwenye waya wa Gatwech, itetemeke kwa ajili ya macho ya watu.

Tatizo lilikuwa kwamba karkade yake ilianza kuwa baridi tena. Elyse ndiye aliyegundua. Alikunywa, akanyamaza, na Elyse akinyamaza ujue kuna jambo.

"Mama Nyawal. Jana mtaa ulizimwa kutwa. Hii baridi umeitoa mbinguni?"

Nyakim alifikiri kudanganya. Kisha akamwonyesha chini ya meza, akamwapisha kwa Biblia na kwa kichwa cha mamake. "Usimwambie mtu yeyote. Hata mmoja."

"Mimi? Mdomo wangu ni kaburi. Na mimi nataka mkeka."

Nakeno akatuma mkeka wa pili, kwa lori la mbuzi. Wiki mbili baadaye mwenye bucha alikuja akikohoa uongo, akauliza kama ni kweli Mama Nyawal anaagiza mikeka mizuri. Nyakim aliuliza, wa ukubwa gani? Mwenye bucha akatazama nyuma, akasema, "Wa kugandisha nusu mbuzi." Kisha akaja wa simu. Kisha wa video, akitaka mkeka wa mpira wa Ulaya. Nyakim aliwaapisha wote, na kila mmoja aliondoka akiamini kwamba mtaani kuna watu wawili tu wenye siri ile, yeye na Mama Nyawal. Mikutanoni waliendelea kupiga makofi kwa nguvu kuliko mwanzo, maana mtu mwenye siri hupiga makofi vizuri. Nyakim alikaa nyuma akiwatazama, akijikanyaga vidole ili asicheke.

Kisha akaja Nyuon mwenyewe. Mzee alifika na fimbo yake, akaketi, akamaliza habari za mvua na za ng'ombe wa kwao.

"Nasikia unauza mikeka," alisema mwishoni.

"Nani kasema, mzee wangu?"

"Mimi ni Mshauri Mkuu. Nasikia kila kitu." Kisha akainama. "Macho yangu hayaoni vizuri kwenye taa ya Gatwech. Inawaka kama mtu anayekonyeza. Nataka mkeka wa taa tatu na televisheni. Na usiniandikie popote."

Baada ya Nyuon alikuja mke wa Gatwech.

Nyakim alikuwa akipanga glasi. Aliposikia neno mkeka kutoka mdomo ule, akajua mwisho umefika. Akaingia ndani, akachukua mkeka wa kweli, ule aliolalia, akampa kwa mikono miwili. Yule mama akashukuru, akaenda. Kesho yake akaurudisha.

"Mama Nyawal, mkeka huu hauwashi kitu."

"Mikeka haiwashi, mwanangu."

"Usinichezee." Machozi yalikuwa karibu. "Tuligombana juu ya shule ya mtoto, akanizimia mimi. Mimi! Nyumba iko nyuma ya injini, tunameza moshi na kelele usiku na mchana, na jikoni kwangu giza. Yeye anasema sheria ni ya wote. Nipe mkeka kama ule wa Mzee Nyuon."

Nyakim alimwagizia mkubwa kuliko wote, na alipomkabidhi hakumwapisha kwa Biblia. Aliona hakuna haja.

Basi Gatwech, asijue chochote, akafikiria wakati ujao. Mwanawe alikuwa na miaka minane, mtoto mnyamavu aliyependa katuni. Baba akaamua mtaa uanze kumzoea. Akampa jina la Taa Ndogo. Akaagiza picha nyingine kwa mchoraji, safari hii yenye masikio yaliyokaguliwa, babu na baba na mjukuu wamepangana kama mahindi gunzini, na akatangaza kwamba Jumamosi kila mwenye duka aje kuichukua na kumpa mtoto mkono.

Jumamosi walikuja watu wanne. Mmoja alikuwa amepotea njia.

Gatwech alingoja, viatu vikimeta, mtoto amekaa kwenye kiti chekundu miguu haigusi chini. Nyuon alituma habari kwamba anaumwa tumbo. Saa sita ikafika. Soko lilikuwa limejaa, siku ya wateja, na injini ilikuwa ikinguruma ikikohoa kama kawaida yake, kelele iliyojaza mtaa mpaka watu walizoea kuongea kwa kupayuka.

"Sawa," Gatwech alisema. "Leo watanijua."

Akaingia kibandani, akageuza ufunguo. Injini ikatetemeka, ikatapika moshi wa mwisho, ikafa. Akatoka akasimama mlangoni, mikono nyuma, akingoja mtaa utoe ile sauti anayoijua: eeeeh! ya watu wote pamoja, halafu milango ikifunguliwa, halafu miguu ikija mbio.

Hakukuwa na eeeeh.

Ila sasa, kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, injini ilikuwa kimya, na vitu vingine vikaweza kusikika. Kutoka kwa Elyse ilisikika mashine ya kunyolea, zzzz. Kutoka kwa mwenye bucha ilisikika friji. Kwa mtu wa simu palikuwa na muziki wa Kikongo, gitaa safi kabisa. Kwenye video mtangazaji alikuwa akipiga kelele za penalti. Na kwa Nyuon, mgonjwa wa tumbo, televisheni ilikuwa ikisoma habari kwa sauti ya juu, maana mzee pia masikio yalikuwa yamepungua.

Kila mtu aligundua kwa wakati mmoja kwamba anasikika. Elyse alitoka mlangoni na mashine inayonguruma mkononi, kwa haraka ya kuangalia kama kuna aliyemsikia, akakutana macho kwa macho na mwenye bucha, aliyekuwa ametoka kwa haraka hiyohiyo. Wa simu akatoka. Wa video akatoka. Nyuon alichungulia dirishani, rimoti mkononi, akajaribu kuzima, akaongeza sauti.

"Na wewe?" Elyse alimwuliza mwenye bucha.

"Na wewe?" mwenye bucha alimjibu.

Wakageuka wote wakamtazama Nyakim. Nyakim alikuwa amekaa kwenye benchi lake, shuka mdomoni, mabega yakiruka, machozi yakimtiririka. Safari hii alipocheka hakucheka peke yake. Kicheko kilianzia kwa Elyse, kikapita kwa mwenye bucha, kikaruka duka kwa duka mpaka mwisho wa mtaa, na wateja ambao hawakujua chochote nao wakacheka kwa sababu walicheka wenzao.

Gatwech aligusa ufunguo shingoni. Kisha akasikia sauti nyingine, nyuma ya mgongo wake, kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Taa Ndogo alikuwa ameshuka kwenye kiti chekundu na kwenda kutazama katuni.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Kesho yake aliwasha injini na kutangaza moto wa bure kwa kila mtu. Kutwa nzima ilinguruma, haikuchomekewa hata simu moja. Jioni alikuja kwa Nyakim, akakaa kwenye benchi, ufunguo bado shingoni. Nyakim akampa glasi. Akainywa yote.

"Nilikubebea ule mkeka," alisema mwishoni.

"Ulinibebea, Mwenyekiti. Mungu akubariki."

Mwezi uliofuata Didace alirudi kuichukua injini. Aliifungua, akaisikitikia, akaiosha kama mtoto, akaipeleka Lodwar iwe ya kusagia mahindi. Kabla ya kupanda lori alimwambia Gatwech kwamba haikuwa na ubaya wowote, ilikosa mtu tu. Gatwech alifanya biashara hii na ile. Siku hizi anauza viatu, na ni mwuzaji mzuri, mwenye subira na mwenye maneno. Mkewe ndiye anayeshika duka.

Mtaa haukuweka mwenyekiti mwingine. Nyuon alipendekeza kwamba jua nalo linahitaji uongozi, akajitolea, watu wakamnunulia soda akanyamaza.

Halafu mwaka huu, mvua ilipokuja, mawingu yalikaa juu ya Kakuma siku baada ya siku. Lagga ilijaa maji ya kahawia, paneli zikalala, betri zikaisha. Elyse alinyoa kwa mkasi. Video haikuonyesha mpira. Siku ya nne Nyakim alimsikia mwenye bucha, yuleyule, akisema kwenye benchi lake, "Wakati wa Gatwech angalau tulikuwa na moto hata mvua ikinyesha." Wengine wakaitikia kwa kichwa. Mmoja akasema kijana yule alikuwa na msimamo, na kwamba siku hizi hakuna heshima.

Nyakim alipandwa na hasira. Alisimama, kitambaa cha glasi mkononi, akitafuta neno la kuwachapa nalo. Lakini asubuhi ileile, alipofungua friji na kukuta maji vuguvugu, yeye mwenyewe alikuwa ameuma midomo na kuukumbuka ule waya wa kwanza, na barafu yake. Basi akakitupa kile kitambaa begani. Akaingia ndani, akawasha jiko la makaa, akabandika sufuria ya chai, akaongeza tangawizi kwa ajili ya baridi, na kuwaambia wasogee ndani maana benchi la nje lilikuwa limeanza kulowa.